Ufunguzi wa Uwanja wa Watoto Wasiofikia Sikio

Temeke, Ijumaa, 4 Juni 1954
Idi Pili, saa tisa alasiri

Kwa Bwana Kasimiri, Mjumbe wa Makao Makuu,

Mheshimiwa Bwana Kasimiri, mgeni wetu rasmi, uliyekuja kwa baiskeli yenye taa mbili mchana kweupe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Burudani za Raia, ambaye ametuma salamu kwamba hatafika. Waheshimiwa wajumbe wa kamati hiyo, ambao wamefika kwa sababu wamesikia kuna pilau. Shehe wetu na Padri wetu, mliokaa benchi moja na kugawana mwavuli. Bwana Romani, bawabu wa Uwanja wa Bembea, askari wa zamani wa Keya aliyefika mpaka Burma na akarudi. Akina mama watukufu. Akina baba mliokaa nyuma karibu na njia ya kutokea. Watoto wapendwa mliovalishwa vizuri na kukatazwa kukaa chini. Na mwisho, kwa kuwa orodha hii niliiandika mwenyewe na hakuna aliyenizuia, Mheshimiwa mimi, Mwinjuma bin Nassibu, Karani Daraja la Kwanza na Katibu wa Kamati Ndogo ya Uwanja wa Watoto: asalamu aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo! (Makofi. Sauti ya mwanamke: "Karani, wapunguze hao waheshimiwa, jua linatuchoma!")

Ahsante, Bi. Mwajabu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Jua limo katika mpango wa shughuli, kati ya hotuba na pilau.

Kabla sijaingia katika kiini cha hotuba, ambacho kwa desturi yetu sisi wa ofisini hukaa mbali sana na mwanzo, naomba nieleze utaratibu. Hapa mezani ipo karatasi iitwayo Cheti cha Kukamilika kwa Kazi. Inasema kwamba Uwanja wa Watoto wa Temeke, ulio ubavuni mwa Uwanja wa Bembea, umekwisha jengwa na unatumika. Nikimaliza kusema nitatia sahihi, Bwana Kasimiri ataichukua, faili litafungwa, na ninyi mtakula. Faili likifungwa, eneo lolote litakaloonekana wazi mahali hapa litapewa idara nyingine, ambayo imekwisha simika fito zake kule nyuma kupimia bohari ya saruji. Nisipotia sahihi, faili litabaki wazi, na huenda kitakachofungwa ni cheo changu. (Kicheko. Bwana Kasimiri anatazama saa. Mbuzi anapita nyuma ya utepe mwekundu. Sauti: "Na huo uwanja wenyewe uko wapi?")

Swali hilo limepokelewa na litajibiwa kwa mujibu wa kurasa.

Kuhusu chanzo cha skimu hii. Wote mnaujua Uwanja wa Bembea, huu ulio mkono wangu wa kulia, uliofunguliwa mwaka 1949, wenye bembea sita na farasi wa mbao kumi na wawili wanaozungushwa na vijana wawili wenye mabega. Mnaijua pia Kanuni ya Nne, isemayo kwamba mtoto asiyeweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili haruhusiwi kuingia, kwa usalama wake mwenyewe. Ni kipimo kilekile cha kuandikisha watoto shule, na Bwana Romani amekisimamia bila upendeleo. (Bwana Romani, kwa sauti: "Amri si yangu, Bwana Katibu! Mie nimeambiwa sikio, natazama sikio!")

Hakuna anayekulaumu, Bwana Romani. Kanuni ya Nne niliinakili mimi, tena kwa wino wa buluu.

Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitakwimu nilioufanya binafsi sikukuu ya Idi ya mwaka jana, nikiwa nimesimama mlangoni na daftari, kalamu mbili mfukoni na moja haina wino, watoto waliorudishwa walikuwa mia mbili na kumi na saba na nusu. Nusu hiyo ilizua maswali ofisini. Ni mtoto aliyepenya chini ya ua wa makuti, akavutwa miguu na bawabu kabla hajamalizika kuingia. (Kicheko kirefu. Sauti: "Mwanangu huyo!") Wote walilia isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alisimama nje ya ua, na kila farasi aliyepita mbele yake alimwamkia shikamoo, kwa kuwa alifundishwa nyumbani kwamba waliomzidi umri huamkiwa; na Bwana Romani, nadhani kwa kuona haya, akawa anaitikia marahaba kwa niaba ya farasi wote kumi na wawili.

Huyo alikuwa mwanangu Tunu. Alikuwa na miaka minne.

Samahani, hilo halimo katika hotuba iliyopitishwa. Narudi ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili unasema kwamba skimu hii ilitokana na mashauriano ya kina baina ya wataalamu. Ni kweli. Mashauriano yalifanyika njiani tukirudi nyumbani, mtaalamu mmoja akiwa juu ya mabega ya mwenzake. Akaniuliza, "Baba, mkono wangu utafika lini?" Baba mwenye akili angejibu: karibu tu, mwanangu, kula wali wako. Mimi, kwa kuwa nilikuwa bado na kofia ya kazi kichwani, nilisema, "Suala hilo nitalifikisha mbele ya kamati." Akaridhika kabisa. (Bi. Mwajabu: "Nilimsikia kwa masikio yangu kesho yake, pale bombani, anawatambia wenzake: 'Nyie mikono yenu iko nyumbani, wangu uko kwenye kamati!'" Kicheko, kisha watu wananyamaza mmoja mmoja.)

Ndiyo. Hayo ndiyo maneno ya mwanzilishi. Basi tukapanga, mimi na yeye, uwanja wa pili kando ya huu wa kwanza: bembea za chini, mchanga wa kuangukia, farasi wasiozidi kimo cha kigoda, na mlango usiouliza sikio. Mtaalamu alishauri farasi mmoja achongwe amelala, kwa ajili ya watoto waoga. Nililiandika hilo kama Azimio la Tatu.

Mwezi wa Septemba nilikaa kuandika ombi. Hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo uhodari wangu ulipofika kileleni. Katika miaka kumi na mmoja ya utumishi sijapata kuandika ombi la kitu kipya, lakini katika kunakili sina mpinzani kuanzia hapa hadi Manzese. Siachi nukta, siachi mkato. Kwa hiyo nikalichukua faili la Uwanja wa Bembea, nikalinakili. Nilinakili kichwa cha habari, vipimo, idadi ya bembea, na Kanuni ya Nne nzima, ili uwanja wa watoto wasiofikia sikio uwe na bawabu wa kuwapima sikio. Nikabadilisha neno moja tu: palipoandikwa Bembea nikaweka Watoto. Na kwa kuwa mimi ni mtu asiyeacha kitu, nilinakili pia mstari wa mwisho: "Kazi hii imekamilika na uwanja unatumika kwa furaha." Nikapiga muhuri. Nikapuliza wino ukauke. (Bwana Kasimiri anasimama: "Bwana Mwinjuma! Hayo hayamo katika nakala yangu ya hotuba!")

Ni kweli, Bwana. Nakala yako ni nzuri zaidi, nimeiandika kwa mwandiko wa sherehe. Tafadhali kaa, ila taratibu, kiti hicho tumekiazima.

Baada ya majuma sita likaja jibu. Makao Makuu yamepokea kwa furaha taarifa ya kukamilika kwa uwanja, na yanampongeza Katibu kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Nikalisoma mara tatu. Mtu mwaminifu angeshika kalamu siku ileile akasahihisha. Mimi nilikwenda kwa fundi kutanua koti kifuani, maana pongezi zilikuwa zimeninenepesha. Mwezi wa Desemba nikapewa Daraja la Kwanza. Tunu akauliza, "Baba, umejengwa?" Nikamjibu, "Kwa mujibu wa faili, umekwisha." Akaomba nimpeleke akauone. Nikamwambia tungoje kwanza, njia ina matope. Ilikuwa Januari, ndugu zangu. Jua lilikuwa kama hili.

Februari alishikwa na homa, na siku ya nne tukamzika. Alikwisha chagua gauni la kuvaa siku ya ufunguzi, la maua ya njano. Alimwomba mama yake alishonee mfuko mmoja mkubwa, wa kuwawekea farasi ubuyu. Mama yake, Zuena, amekaa pale upande wa akina mama. Mambo ya faili ameyasikia leo kama mlivyoyasikia ninyi, kwa kuwa nyumbani pia nilikuwa ofisa. (Zuena, bila kuinua uso: "Endelea, Baba Tunu. Ulichoanza kimalize.")

Namaliza, mama. Nilisema moyoni: mtoto hayupo tena, nitie sahihi yaishe, nani atauliza? Lakini asubuhi hii nilipita mlangoni nikawakuta wengine, wamepaka hina, wamepitisha mikono juu ya vichwa, vidole vinaishia utosini. Hawa wapo. Nikitia sahihi, watachezea saruji. (Bwana Kasimiri: "Unajua lakini matokeo yake, Bwana Mwinjuma? Unajua nitakachoandika mimi?")

Najua, Bwana. Andika nimerudi Daraja la Tatu. Koti lina nafasi ya kupunguzwa. Cheti hiki sitakitia sahihi. Chukua kama kilivyo, na faili libaki wazi. (Kelele. Bi. Mwajabu: "Hapo umesema kitu! Hata mwongo ana siku yake ya kusema kweli!" Bwana Kasimiri anaikunja karatasi, anaiweka mfukoni, anakaa tena. Pilau limeanza kunukia.)

Sasa nafika kwenye kaulimbiu, ambazo nilizitunga kwa majuma mawili na itakuwa hasara kuziacha. Mtaniitikia. Mtoto kwanza! (Watu: "Faili baadaye!") Kalamu moja! (Watu: "Yenye wino!") Ahsanteni. Ya tatu inahusu kasi, naomba niifute.

Imebaki shukrani. Nawashukuru maseremala hodari, ambao hawakuchonga farasi hata mmoja. Nawashukuru wachimbaji, ambao hawakuitwa. Namshukuru fundi wa bembea za chini, ambaye mpaka sasa hajui kwamba aliwahi kusifiwa katika ripoti mbili. Namshukuru mwenye mbuzi, kwa kuwa mbuzi wake ndiye raia pekee aliyefaidi eneo hili. Uwanja huu ninaoufungua leo haupo, haujapata kuwapo, na nyuma ya utepe huo pana majani tu. Lakini lipo ombi. Nimeliandika jana kwa maneno yangu mwenyewe, sikulitoa popote. Lina mistari minne na limekatwa mahali pawili. Anayejua kuandika aje aandike jina lake, asiyejua atie dole gumba, na Bwana Kasimiri, ukiwa mzima na roho nzuri, utaondoka nalo kwenye baiskeli. (Zuena anainuka, anaifuata meza.)

Anakuja mama yake. Mpisheni njia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, nimewachosha vya kutosha. Mtukumbuke katika dua zenu, mimi na Zuena, na jina la Tunu mlitangulize.