Wa Tisa Kati ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Orodha imebandikwa kwenye mlango wa stoo ya michezo. Kidato cha tano tuko tisa tunaosoma Elimu ya Michezo. Nimesoma majina kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Safari ya pili ilikuwa fupi. Verlyn Telesford, wa tisa.

Iandikwe hapa kwamba katika masomo mengine saba hakuna anayenikaribia, isipokuwa Shondelle Redhead, ambaye ananikaribia mno. Mwisho wa muhula Mwalimu Mkuu atamtaja mmoja wetu kuwa msomaji wa hotuba ya kuaga, mbele ya wazazi wote wa mji wetu wa Grenville. Hotuba yangu iko tayari tangu kidato cha pili. Nimeirekebisha mara kumi na moja. Shondelle hana hotuba. Ana miguu tu, na katika orodha hii ni wa kwanza.

Somo hili nililichagua nikiamini ni la kupumzikia. Kosa! Lina vitabu, na vitabu nimevimeza. Najua mifupa yote mia mbili na sita. Kila msuli unaoniangusha nautaja kwa jina. Lakini lina uwanja pia. Katika michezo nikachagua kriketi, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kusimama kwa muda wa saa tatu akahesabiwa anacheza. Nafasi yangu ni mpakani kabisa, chini ya mshelisheli, mahali mpira unapofika mara moja kwa muhula.

Sasa balaa. Tarehe 19 anakuja mkaguzi wa mitihani. Ataita watu watatu, wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, warudie mbele yake waliyoyafanya uwanjani. Akiona mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Cadore, alikuwa mkarimu, anakata alama. Kwangu Mwalimu alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kwa kudaka alinipa saba kati ya ishirini, na nadhani tano kati ya hizo ni huruma.

Kwa hiyo nisionekane. Nahitaji nafasi moja tu. Nikiwa wa nane, haniiti mtu.

Wa nane ni Akim Lendore. Kanizidi alama tatu.

Jumatano, 5 Machi

Leo alasiri lilikuwa jaribio la kudaka, na mpango ulikuwa safi. Akim kwao hawapiki mchana siku za wiki. Tanti Merlene, dada mkubwa wa mama, ninayeishi naye, anapika sufuria ya mashelisheli, nazi, manjano na mkia wa nguruwe wa chumvi. Mtu akishaila huwa hatamani kitu kingine duniani ila kitanda. Nikamwalika Akim.

Tanti alitaka kujua kijana huyu ni nani na tangu lini mimi nina ukarimu. Nikasema ni mwenzangu wa darasa na ninamwonea huruma. Tanti akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Akim akala sahani tatu. Jambo ambalo sikulipigia hesabu: nyumbani kwa Tanti mgeni hali peke yake. Kila alipoongezewa, nami niliongezewa.

Uwanjani Akim alikuwa mtulivu kama gogo. Mipira ilimjia, akaipokea kama mtu anayepokea sahani ya nne. Kumi kati ya kumi. Mimi nilidaka mmoja, tena ulikuwa umeshatua chini, Mwalimu akauhesabu kwa huruma. Kisha nikalala kifudifudi. Mwalimu akaja kuuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba nachunguza nyasi.

Tofauti sasa ni alama kumi na mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekuwa mjinga. Nilitaka kumshusha mwenzangu kwa chakula ilhali nina kalamu!

Mwezi uliopita darasa letu liliwaandalia watoto wa shule ya msingi tamasha la kriketi. Kila mmoja anatakiwa kuandika taarifa yake, nayo ina alama ishirini. Wenzangu wameandika kurasa nne. Mimi nimewasilisha arobaini na sita, pamoja na ramani, jedwali la mwelekeo wa upepo, na uchambuzi wa kwa nini maji ya kunywa yaliisha saa tano na robo. (Shondelle ndiye aliyekuwa na kazi ya maji. Nimemtaja mara tisa.)

Mwalimu ameipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mzito.

Jumatatu, 10 Machi

Ishirini kati ya ishirini! Akim kapata nne, maana aliandika ukurasa mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa mchoro. Orodha mpya imebandikwa. Mimi ni wa nane!

Nimesimama mbele ya mlango wa stoo hadi kengele ikalia. Shondelle akapita na viatu vyake vya mbio vikining'inia begani. Akatazama orodha, akanitazama mimi.

“Hongera, dada. Ila kriketi haichezwi kwa kalamu.”

Nimewaza jibu mchana kutwa. Nimelipata jioni hii wakati nachambua maganda ya kungumanga, na ni jibu zuri sana, lakini yeye yuko kwao.

Jumanne, 11 Machi

Maafa.

Akim anataka kuacha somo. Kasema mwenyewe, bila hata uchungu, huku anamenya embe. Kila wiki anapata sifuri katika jaribio la nadharia, na mjomba wake anamwambia abaki na useremala. Mwisho wa kufuta jina ni Ijumaa, baada ya jaribio la marudio, ambalo ni la wenye sifuri tu; alama zangu za nadharia zimeshaingia.

Nimepiga hesabu mara tatu. Akim akiondoka tunabaki wanane. Wa nane kati ya wanane ni nani? Ni mimi, chini ya mshelisheli, na mkaguzi ananipungia mkono.

Nilimwambia Akim kwamba elimu ni haki ya kila mtu. Nilimwambia ana kipaji na kwamba taifa linamtazama. Akasema taifa halijawahi kumwona akifanya jaribio la mifupa. Basi nikamwambia nitamfundisha mwenyewe, kila siku hadi Ijumaa.

Aliacha kumenya. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni kwa moyo mwema. Uso ulinichoma.

Mpango: apate alama za kumbakiza, zisizozidi za kunipita. Nimemzidi nne, kwa hiyo tatu kati ya arobaini zitatosha.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tatu ya masomo. Nikimsomea kitabu, Akim anasinzia. Jana nikachoka, nikamwambia anirushie mpira kama anavyorusha kwenye mechi, na kila kiungo kinachosogea nikitaje. Bega, kiwiko, kifundo cha mkono. Akarusha tena na kutaja mwenyewe. Leo ametaja misuli yote ya paja bila kukosea, kisha akanieleza kwa nini mrushaji anayekunja goti vibaya ataumia mgongo. Hilo sikulijua. Nikalitafuta kitabuni. Ni kweli.

Nilifurahi kwa kama dakika nne hivi, kabla sijakumbuka kwamba sitakiwi kufurahi. Ilibidi nimwambie atulie, asijichoshe, aache sura ya moyo na mapafu maana haiji kwenye mtihani. Akasema ameshaisoma.

Ijumaa, 14 Machi

Akim Lendore, thelathini na nane kati ya arobaini.

Amenipita. Mimi ni wa tisa.

Hakufuta jina. Alikuja na karatasi yake akaiweka juu ya meza yangu, akasimama tu pale na mikono mfukoni. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo naamini ilikuwa ya kawaida, ilikuwaje akapata zote hizo.

“Umenifundisha wewe, Profesa,” akasema. “Ningefeli ningekuaibisha.”

Nilimpongeza. Nikaenda chooni nikakaa huko kipindi kizima cha Jiografia.

Mwalimu Cadore aliposoma orodha mpya alikaa juu ya rola ya kusawazishia uwanja. Aliniambia polepole kwamba alikuwa amelala vizuri wiki nzima akijua wa tisa ni Akim, maana Akim akiitwa anadaka hata mbayuwayu, na mkaguzi angeondoka akiamini darasa zima ni la mabingwa. Akauliza ni nani aliyemfundisha kijana huyu. Nikasema ni nguvu ya Mungu.

Jumatano, 19 Machi

Mkaguzi ni Bi. Ermine Phillip. Mfupi, kofia pana, amechezesha mechi za kriketi miaka thelathini. Nilimkaribisha kwa maelezo ya dakika tano kuhusu historia ya uwanja wetu. Akasema asante, sasa nisimame uwanjani. Nikaelekea mshelisheli. Akasema hapana, karibu, hapa anaponiona.

Mipira kumi. Wa kwanza ulipita. Wa pili ulinipiga begani. Wa tatu, wa nne, wa tano sina taarifa nayo. Wenzangu walikuwa kando ya uwanja, na hata Shondelle hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya wa tisa Bi. Phillip akaja hadi nilipo. Akaniambia kwamba mpira ukija nafumba macho. Nikamweleza kuwa hilo hufanywa na msuli wa mviringo unaozunguka jicho, na kwamba mwenye nao hauamuru.

“Jina lake nalijua, mwanangu,” akasema. “Ufungue.”

Wa kumi niliuona. Ulikuwa mwekundu, una mshono, ulikuwa unazunguka. Sikuwa najua kwamba unazunguka. Kisha viganja vikaniwaka moto, nikatazama, na mpira ulikuwa humo. Akim alipiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakatawanyika.

Bi. Phillip akaandika kitu, akamwambia Mwalimu Cadore kwamba alama za wengine zitabaki kama zilivyo, na zangu za kudaka atazipunguza hadi tatu. Tatu! Moja kwa mpira, nadhani, na mbili kwa msuli.

Nimekaa jioni nzima nikitazama viganja. Bado vimevimba kidogo. Sijamwonyesha mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu Mkuu ametangaza. Msomaji wa hotuba ni Shondelle Redhead. Mimi nimetajwa wa pili, nikapigiwa makofi ya wa pili.

Nilipanga kulia baada ya kufika nyumbani. Lakini Shondelle alinifuata hadi getini, akashika kamba za begi lake kama mtoto. Akasema yeye hajui kuandika, na akisimama mbele ya watu akili inahama. Yuko tayari kukimbia mbele ya kisiwa kizima, lakini kuongea, hapana. Akaniomba nimwandikie. Alisema hamwamini mwingine yeyote ila mimi.

“Nisaidie, dada. Nitawaambia wote kuwa ni maneno yako.”

Nilimshika mkono. Nikamwambia ajisikie amani kabisa, nitamwandikia hotuba ambayo Grenville haitaisahau. Machozi yalimlenga. Mimi pia, karibu.

Nimeanza usiku huu. Niko ukurasa wa kumi na tatu. Ukurasa wa kwanza ni mwepesi, ili asishtuke. Kuanzia wa tatu nimeingiza maneno ambayo hapa shuleni ni mimi tu ninayeweza kuyatamka. Kwenye wa tano kuna sentensi moja ya mistari kumi na tisa isiyo na mahali pa kuvuta pumzi. Atakwama hapo. Ukumbi utanyamaza. Mwalimu Mkuu atageuka huku na huku kutafuta mtu wa kumwokoa, na mimi nitakuwa safu ya mbele, nguo imepigwa pasi, nakala ya pili mapajani.

Kasoro ni moja tu. Shondelle anakimbia mita mia nane, na mapafu yake hayajawahi kuishiwa. Nimeifuta mistari kumi na tisa. Nimeweka thelathini.