Chombo cha Anga Kisichotikisika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Waheshimiwa Makamu Wenyeviti wote wanne, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwenyekiti, uliyekuja ingawa Mwenyekiti mwenyewe naye amekuja, wakuu wa vitengo, wadau, mabibi na mabwana, na yeyote niliyemsahau ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Mitikisiko, mtu ambaye, bila kujisifu, maana kazi hiyo nimewaachia wasaidizi wangu, nimeongoza mchakato shirikishi wa kidijitali wa kupima mtikisiko wa chombo chetu cha anga kwa kamera ya video. Wenzetu hubandika nyaya mwili mzima wa chombo kama mgonjwa mahututi. Sisi tunakiweka juu ya meza inayotikisika kama roketi ikiruka, tunakipiga picha elfu moja kwa sekunde, kisha kompyuta inahesabu kila nukta imesogea kiasi gani. Na matokeo, ndugu zangu, ni sifuri. Asilimia mia moja ya sifuri! (Makofi. Mtu anakohoa.)

Nasikia maneno ya pembeni. Fundi wetu wa vipimo, dada yule wa mstari wa mbele, anadai eti kamera tuliifunga kwa bolti kwenye meza ileile, hivyo vyote viwili vikacheza pamoja. Dada yangu, huo ndio mshikamano tunaouhubiri kila siku! ("Mkuu, kamera hukaa sakafuni, siyo mezani!") Tumelipokea, tutaliundia kamati. Lakini wiki nzima amegoma kusaini cheti, na jana nilimwambia waziwazi, kama kaka kwa dada yake: usiposaini mbele ya mkutano huu, kesho unakwenda stoo kuhesabu viti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

("Nitasaini, Mkuu. Ila naomba kwanza nikiguse chombo chenyewe.") Ombi limekubaliwa, uongozi wangu ni sikivu. Aguse, tena kwa mikono miwili! (Fundi anapanda jukwaani. Anakigonga chombo kwa kidole, anatega sikio, anagonga tena. Anaandika kidogo, anasaini.) Mmeona? Amesaini! Leteni nikisome kwa fahari: "Mimi, fundi wa vipimo, nathibitisha kwamba kitu hiki hakitikisiki ovyo, kwa sababu ni tangi la maji, na limejaa." (Kicheko, kuanzia viti vya nyuma.) Limejaa, mabibi na mabwana! Sijawahi kufanya jambo nusunusu!

Kamera juu! (Juu!) Mtikisiko chini! (Chini, chini kabisa!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpiga video wa harusi kwa kutuazima kamera. Fundi rangi, kwa rangi ya fedha iliyokauka asubuhi hii. Na shemeji yangu, mwenye tangi, ambaye naona ameshafika na mkokoteni, maana wapangaji wake hawajaoga tangu Jumatatu. Nawe fundi wa vipimo, cheti nimekipokea, umebaki kazini. Basi msaidie shemeji kulishusha. Taratibu, jamani, lisije likatikisika.