Mke Mwenzangu Anapanda Joka

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Andika tarehe vizuri, fundi. Mimi kalamu naijua kwa sura tu. Anayeniandikia ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, fundi saa, mwandiko wake mdogo kama mguu wa sisimizi. Kaniambia shajara ni siri ya mtu mmoja. Nikamwambia siri ya wawili bado ni siri, mbaya ni yule wa tatu.

Habari ya leo. Mke mwenzangu anatimiza miaka sita Jumamosi. Mjukuu wangu huyo. Marehemu mume wangu alifariki kabla hajazaliwa, lakini mjukuu wa kike ni mke mwenza hata mume asipokuwepo. Tuko wajane wawili, mmoja kang'oka meno, mwingine ndiyo kwanza yanaanza kulegea.

Binti yangu, mama yake, kapiga simu. Wanampeleka bustani ya michezo. Mtoto kachagua Joka. Hilo Joka ni treni la chuma, linapanda juu polepole kama mzee kwenye ngazi, likifika kileleni linajitupa. Lazima mkubwa akae naye amshike mkono. Binti hawezi, ana mimba ya miezi sita. Mume wake dereva wa lori, yuko safarini. Wamebaki mabibi wawili.

Mimi na Bi Mwalimu.

Bi Mwalimu ni mama mzaa baba. Mwalimu mkuu mstaafu, miwani yenye mnyororo, anakunywa chai bila kufanya sauti. Kumsomesha mtoto, yeye. Kumnunulia vitabu, yeye. Mtoto akiuliza mvua inatoka wapi, anapigiwa simu yeye. Sasa na kwenye Joka amejitolea. Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema nitapanda mimi.

Mimi kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kupanda ni kiti, nikibadilisha balbu, nikaanguka.

Binti akacheka, akasema basi mtoto mwenyewe atachagua siku hiyo bibi wa kukaa naye. Nikakata simu. Miaka arobaini nimesuka vichwa vya watu, nimesuka mabibi harusi mpaka vidole vikapinda. Nina nini cha kumpa huyu mtoto? Nywele na mkono. Nywele anazo. Mkono siuachii.

Jioni nikapita kupeleleza. Getini pana ubao umechorwa twiga. Kwenye twiga mistari miwili, mwekundu chini, wa kijani juu, na maandishi mengi ambayo sikuyajali. Kupima urefu huko, nani hajui. Nyekundu ni simama, kijani ni pita, taa za barabarani zimetufundisha. Nikajisogeza kwenye twiga. Wa kijani unanifika kwapani. Mlinzi akaniuliza kama nimekuja kupimwa mimi. Nikamwambia nakuna mgongo.

Mtoto ananifika chini ya ziwa. Kapungua vidole vinne. Sijamwambia mtu ila wewe, fundi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mtoto kaletwa, ni likizo, atalala kwangu mpaka Jumamosi. Urefu baadaye, kwanza ujasiri.

Nimeazima toroli la mwashi wa nyumba ya pili. Nikatia mto. Nikamfunga mtoto kiunoni kwa mtandio. Uani kwangu pameinama, kutoka mlango wa jikoni mpaka bombani. Safari ya kwanza nilisukuma mimi. Safari ya pili toroli lilinivuta lenyewe. Tukapita kwenye kamba ya nguo, tukaondoka na shuka.

Ndiyo, fundi, shuka lako. Andika tu.

Mtoto kacheka mpaka kwikwi. Alichosema ni neno moja, tena. Mara saba! Nyonga yangu imetoa sauti kama mlango wa stoo, na huyu fundi saa eti hajui kutengeneza nyonga.

Nikakaa juu ya ndoo, nikafikiri. Mtoto huyu hana woga hata wa kuazima. Sasa asiyeogopa atautaka mkono wa nani? Nimekuwa kama mganga aliyeponya mgonjwa kabla hajaitwa.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Bi Mwalimu kaja na kitabu cha picha, mtoto wa kwenye kitabu anaogopa, ukurasa wa mwisho haogopi tena. Kamfundisha kuvuta pumzi na kuhesabu mpaka kumi. Akaliona toroli, akaona na magoti yangu yana mchubuko. Akaniambia kwa ile sauti yake ya gwaride kwamba mwenzangu, ujasiri haufundishwi kwa toroli. Nikamjibu haufundishwi kwa karatasi pia. Tukanywa chai. Ya kwangu ilitoa sauti makusudi.

Alipoondoka nikaamua kuongeza woga. Kama chumvi, kidogo tu. Nikamwambia mtoto Joka likinguruma ni njaa. Nikamwambia kuna mzee meno yake ya bandia yaliruka kileleni, yanatafutwa hadi leo. Mkono uliteleza, nikaongeza na bwana mmoja aliyepanda ana nywele akashuka ana upara.

Mtoto akashika nywele zake kwa mikono miwili. Hakula vizuri. Baadaye akaja na mto wake kifuani, akasema, "Bibi, mimi siendi. Niitie bibi mwalimu anihesabie."

Chumvi imezidi mchuzi.

Sikumwita. Nimesema simu haina chaji. Simu ikalia nikiwa bado nasema.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Siku ya kuzoa maji yaliyomwagika. Nimekaa na mke mwenzangu kizingitini, nimemwambia yule bwana wa upara alikuwa na upara tangu zamani, alivaa nywele za dukani. Kanitazama sana. Watoto wa siku hizi wanakutazama kama karani wa mahakama.

Ndipo nikampa kanuni zangu. Sikuzisoma popote, nilizitumia siku ninajifungua mama yake. Moja, bana vidole vya miguu. Mbili, tazama kisogo cha aliye mbele yako, usitazame chini. Tatu, piga kelele mapema. Kelele anza wewe, woga ukija ukute nafasi imejaa.

Tumefanya mazoezi ya ile ya tatu. Mwashi kaja mbio na nyundo. Mama muuza mkaa kaja. Fundi katoka na saa ya mtu mkononi. Watu watano uani, mimi na mtoto tumefumba macho tunapiga kelele kwenye toroli lililosimama. Nikawaambia ni mambo ya shule.

Lakini jioni mtoto kasema ataenda. Hajasema na nani. Nimemzunguka kama nzi kwenye kikombe, hajasema.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Vidole vinne.

Nimetoa kibuyu cha mafuta, kitana cha mbao na uzi mweusi ule mzito. Siku hizi wasusi wanabandika vitu. Uzi hawauwezi. Uzi unazungushwa kwenye nywele kuanzia kwenye ngozi, taratibu, kila duara likumbatie jingine, mpaka nywele isimame yenyewe kama fito. Ukilegeza duara moja, jengo lote linalala. Nilisuka mnara katikati ya utosi, nguzo nane nikaziunganisha juu. Kwa muda wa saa nne mtoto kakaa katikati ya magoti yangu. Kwa kweli saa nne hizo ndizo zilikuwa tamu kuliko wiki nzima. Kanihadithia kitabu cha Bi Mwalimu chote, na mwisho akaubadilisha, yule mtoto wa kitabuni kaishia kwenye toroli.

Nikampima kwapani kwangu. Kafika na kupita!

Fundi kauliza kwa nini kichwa kimekuwa kirefu hivyo. Nimemwambia ni sherehe. Ningeweza kumtuma akanisomee ule ubao, maana yeye kusoma anajua. Lakini mtu akiuliza jambo moja, kesho anaonekana hajui yote.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Fundi, kaa vizuri, leo ni ndefu.

Tumefika wote wanne, binti na tumbo lake, Bi Mwalimu na miwani yake, mimi na mke mwenzangu na mnara wake. Joka likapita juu yetu linanguruma. Miguu yangu ikabana vidole yenyewe. Nikamwambia binti maneno kuhusu hali ya hewa.

Kwenye twiga amesimama dada wa getini, kashika ubao wa kushusha kichwani. Kautua kwa mtoto. Nguzo hazikuinama. Ubao ukakaa juu ya mnara kama sinia, juu kabisa ya mstari wa kijani. Dada kagonga kwa kidole, akauliza kama ni nywele au ni fito. Nikavimba. Miaka arobaini ya kazi ile!

Dada akasema, "Huyu kashapita wa kijani. Anapanda peke yake. Foleni ya wakubwa ile pale."

Nikauliza mimi je. Akasema bibi akitaka apumzike kwenye benchi.

Bi Mwalimu akanisogelea, akasoma ubao kwa sauti ndogo ili watu wasisikie. Chini ya mwekundu, haruhusiwi. Kati ya mwekundu na kijani, apande na mkubwa wa kumshika mkono. Juu ya kijani, hahitaji mtu. Mtoto alikuwa kati tangu Jumatatu. Angepanda na mimi hata angenyolewa kipara.

Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Nimetumia saa nne kuuondoa mkono wangu mwenyewe, kwa uzi.

Nikafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Nikamkamata mtoto, nikaanza kufumua. Pale pale getini, foleni ikasimama. Nikaomba wembe, nikaomba mkasi, nikatumia meno niliyobakiwa nayo. Uzi wangu haufumuki kwa haraka, ndiyo sifa yake. Binti ananiita mama, mama. Mtoto akashika mnara wake kwa mikono miwili.

"Bibi, usinifupishe," akasema. "Umenifundisha wewe. Naenda."

Akaenda. Hakutazama nyuma, kanuni ya pili hiyo, tazama kisogo cha aliye mbele. Mimi na Bi Mwalimu tukabaki benchi moja, mikoba magotini, kama tunasubiri daktari. Joka likapanda. Nikasikia sauti moja imeanza kupiga kelele kabla ya wengine wote, kabla hata ya kileleni. Nikaijua. Huku pembeni yangu Bi Mwalimu alikuwa anahesabu, akafika thelathini na nne. Nilipotazama, mkono wangu umeshikwa. Sijui nani alianza. Usiandike hilo. Haya, andika.

Mtoto akashuka, mnara umesimama vile vile, macho kama taa. Nikajua kwa mzunguko wa pili atamchukua Bi Mwalimu, maana yule alishavua miwani na kuitia kwenye mkoba, yuko tayari. Mtoto akatutazama wote wawili. Akaja kwangu.

"Bibi mwalimu haogopi," akasema. "Wewe unaogopa. Njoo nikushike."

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa mpangilio. Nilikaa. Chuma kikanishukia kifuani. Mtoto akanikumbusha vidole vya miguu. Tulipanda polepole, nikaona mabati ya mji mzima na nguo za watu zimeanikwa. Nikamwambia dada wa getini, aliyekuwa chini huko kama punje, kwamba nimeacha jiko linawaka. Halafu dunia ikaondolewa. Nilimwita marehemu mume wangu kwa jina lake la utotoni. Mkono mdogo ulinishika mpaka chini, haukulegea hata mara moja.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Sauti imenikauka, fundi sogea.

Bi Mwalimu kaja na zawadi. Kumbe lile Joka lina kamera kileleni. Katika picha kilemba changu kiko angani, mdomo wangu wazi, meno yote yanahesabika. Mtoto pembeni ametulia, ananipapasa bega kama anatuliza ng'ombe. Binti kashaibandika kwenye friji lake. Fundi hapa ameacha kuandika, anafuta machozi. Kicheko hicho kaandike kwenye shajara yako.

Nimewaeleza picha inavyosomwa. Nilikuwa natekeleza kanuni ya tatu ili mtoto aige. Na wote walisikia, kati ya mabibi wawili nani alichaguliwa. Mbele ya mashahidi. Nimeshinda, hilo tumemaliza.

Sasa jambo jipya. Shule ikifunguliwa, darasa lao linaanza kuogelea, na siku ya kwanza kila mtoto anaingia bwawani na mkubwa mmoja. Bi Mwalimu alikuwa bado anafungua mdomo, mimi nimeshasema nitaingia. Maji yangu makubwa kuliko yote ni ya ndoo, lakini nina wiki tatu. Mtoto hajaonyesha woga wowote wa maji. Hilo nitalishughulikia.

Mchana nimepita kupeleleza. Getini kwa bwawa pana bango, lina duara jekundu na duara la bluu, na maandishi mengi. Bi Mwalimu kajitolea kwenda kunisomea. Nimemwambia asijisumbue. Bluu ni maji, nani asiyejua.

Kesho asubuhi mtoto analetwa tena, tunaanza na beseni, mke mwenzangu, mimi na lile toroli. Fundi, toa shuka lako kambani.