Kuipa Nguvu Kompyuta Nyembamba

Jumatatu, 6 Septemba 2004

Mgongo si wangu tena. Kutwa nzima nimevuta chumvi kwa reki kwenye mabwawa ya Bi Biasha, jua utosini, maji ya chumvi kwenye nyufa za miguu. Nilitoka Newala kuja Kilwa Masoko kwa kibarua cha mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa tatu. Nilisoma mpaka darasa la tano nikaacha mwenyewe, sikufukuzwa. Watu wanachanganya.

Lakini leo! Bi Biasha anamwoza binti yake. Anataka kadi za mwaliko zenye maua ya waridi, tayari Jumamosi asubuhi. Nikampa shikamoo, nikamwambia kadi hizo nitazitengeneza mimi, kwa kompyuta yangu. Akaitika marahaba huku anaitazama miguu yangu. Akauliza mvuta chumvi kompyuta kaipata wapi. Nikasema ni utandawazi, Bi Biasha. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akasema neno zito. Anatafuta mtu wa ghalani. Kazi ya kivulini, ya kukaa kwenye kiti. Kadi zikitoka nzuri, kazi ni yangu. Zisipotoka, anampa Brighton wa steshenari kadi, na kiti cha ghalani anampa mtu mwingine.

Kiti! Sijakaa kwenye kiti cha kazi tangu nizaliwe.

Kompyuta ninayo kweli. Ya mtumba, imeshuka na lori kutoka Kariakoo pamoja na printa yake. Nyembamba, inalala mezani kama Biblia ya padri. Ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mimi niliitaka.

Jumanne, 7 Septemba

Nimejaribu kuweka ua la waridi. Moja tu. Kompyuta ikaganda. Nikaenda kuoga, nikarudi, ua limetokea nusu. Nikapika ugali, nikala, bado nusu.

Nikaibeba begani mpaka kwa Klementi, fundi redio wa pale stendi. Akaifungua kwa bisibisi, akatazama ndani muda mrefu kama daktari anayetafuta maneno. Akasema mashine nzima, njaa tu. Memori yake ndogo mno. Hapa pana nafasi moja ya kuchomeka kipande cha memori, basi, usitafute nafasi nyingine. Kipande anacho.

Nikampa redio yangu. Tumebadilishana. Kipande chenyewe chembamba, urefu wa kidole, nikahisi nimeibiwa. Akakichomeka. Ua likafunguka papo hapo, jekundu, na majani yake! Nikaweka lingine. Nikaweka sita. Nikapiga kelele, watu wa stendi wakadhani basi la Lindi limeingia.

Klementi akanionya. Hiyo inatosha, ndugu yangu Laurenti. Kasha ni dogo, kila kitu kimepimwa humo ndani. Usiongeze kitu. Nikasema ndiyo. Nilimaanisha ndiyo wakati ule.

Jumatano, 8 Septemba

Nimemaliza kadi ya mfano. Waridi pembe zote nne, majina katikati kwa herufi za kujikunja. Bi Biasha kaishika kwa ncha za vidole, kasema mashallah. Kabadilisha jambo moja tu: ameona nimeandika "mnakaribishwa kula" kabla ya jina la bwana harusi. Kasema tusiwaonyeshe watu njaa yetu. Hizo nyingine nitoe mpaka Jumamosi.

Ningelala nikiwa mshindi. Ila nikapita kwa Brighton.

Brighton ana steshenari mbele ya soko. Kijana wa juzi, shati kachomekea, simu kaitundika kiunoni kama bastola. Kompyuta yake ni ile ya kusimama, ndefu. Nilikwenda kumpa pole tu kwa kukosa kazi. Roho nzuri ndiyo huniponza.

Akauliza mzee wa chumvi, ile mashine yako nyembamba ndiyo imechapa? Nikasema ndiyo hiyo. Akawaambia wateja wake kwamba mashine yangu ni ya chekechea, kwamba hata feni yake inapiga chafya. Akasema kompyuta ya mwanamume husimama. Wateja wakacheka. Mmoja nilimkopesha chumvi mwezi uliopita!

Nimeondoka. Nitajibu kwa vitendo. Kwa Klementi nimeona gofu la kompyuta ya kusimama. Lina boksi la umeme kubwa kama tofali na diski mara mbili ya yangu. Vitu hivyo vikiingia ndani ya yangu, Brighton atafunga duka.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimempa Klementi godoro. Amenipa boksi la umeme na diski, lakini kwanza kaniapisha sitavilazimisha kwenye lile kasha. Nikaapa. Akaniambia tena, la Jumanne halijabadilika, kasha ni dogo. Akasema kama nina haja ya kuchezea humo ndani, nitoe memori kwanza niiweke mbali, ni kitu cha kuvunjika. Mtu mwema Klementi. Mwoga lakini.

Saa nane nikatoroka kwenye chumvi kwa kusingizia tumbo. Nikatoa memori kama nilivyoambiwa, nikaifunga kwenye karatasi ya sigara, nikaitia mfuko wa shati.

Boksi la umeme halikuingia. Nikaligeuza. Halikuingia. Nikalikalia. Halikuingia.

Sasa nauliza: nani kasema kasha ni kubwa kuliko mtu? Nimejenga nyumba tatu za miti, nimepasua mikorosho. Bati jembamba vile linishinde? Nikaazima msumeno wa chuma kwa jirani. Nikakata ubavu wa kulia, nikakata mgongo, nikakunja bati kama mfuniko wa kopo la samaki. Unga wa chuma ulimwagika ndani ukimeta meta. Nikaupuliza. Mwingine ulitoka.

Limeingia! Nusu liko nje, diski imening'inia kwa kamba ya katani, lakini limeingia. Kompyuta sasa ina sura ya kutisha. Nimeisimamisha. Inasimama! Nimeiegemeza kwenye ndoo.

Kesho asubuhi nachapa kadi zote, jioni naipitisha sokoni.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimewasha.

Kwanza ilinguruma vizuri. Halafu cheche, halafu harufu ya nywele zilizoungua, halafu moshi mweusi ukatoka pale nilipokata, taratibu, bila haraka. Nikachomoa waya. Nikapuliza tena. Nikaomba kwa Mtakatifu Antoni. Kimya.

Sikukata tamaa. Mtu wa chumvi anajua jambo moja, jua hukausha kila ubaya. Nikatandika mkeka uani, nikailaza kompyuta juu yake, nikaifunika shuka jeupe vumbi lisiingie. Nikakaa pembeni, mikono shavuni, kungoja.

Ndipo akapita Kidawa.

Lazima niseme Kidawa ni nani. Anauza maandazi nyumba ya pili, Mmwera wa Rutamba, na mimi ni Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani haombi ruhusa. Kwenye msiba wako analala njiani jeneza lisipite, anaiga kikohozi cha marehemu, anapekua mifuko ya mfiwa mpaka apate chake. Na wewe hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako mpaka kwa wajukuu.

Akaona mkeka. Akaona shuka jeupe. Akaniona mimi na mikono shavuni.

Akatua sinia la maandazi, akajifunga kanga kiunoni, akapiga yowe ambalo nadhani wamelisikia mpaka kijiji cha Miteja. "Uwiii! Mtani wangu kafiwa na mwanawe wa pekee!" Akajitupa kwenye mkeka. Akaikumbatia kompyuta yangu. Akalia kwamba marehemu alikuwa mpole, mwembamba, hakula umeme wa mtu. Akauliza kwa nini kalazwa na tofali kifuani. Akafunua shuka, akaonyesha ubavu uliokatwa, akatangaza kwamba Wamakonde wamezoea kuchonga mpingo, basi hata mtoto mgonjwa wanamchonga.

Uani ukajaa. Kwanza majirani, kisha watu wa stendi, kisha waliotoka msikitini kuswali Ijumaa. Klementi alikuja, akaona msumeno, akavua kofia. Huyo hakutania. Alisikitika kweli.

Na Bi Biasha akaja. Kusudio lake lilikuwa kuangalia kadi zimefika wapi. Akatazama shuka, akatazama printa haina kazi. Akageuka, nikaona anaelekea sokoni. Kwa Brighton.

Kiti changu kilikuwa kinatembea kwa miguu ya yule mama, na mimi siwezi kumkimbilia, kwa sababu mtani kanikalia shuka! Nilitaka kumtukana Kidawa. Niwe mkweli, nilitaka kumsukuma. Lakini ni mkubwa kuliko mimi, na mikono yake imezoea kukanda unga. Nikanyamaza. Nikainamisha kichwa. Watu wakasema tazama Laurenti ana adabu.

Mwisho akadai chake. Akanipekua. Mfuko wa suruali, msumari. Mfuko wa shati, karatasi ya sigara. Akafungua. Memori!

Jamani. Niliitoa jana, nikasahau kuirudisha. Wenzake wote wameungua, yenyewe nzima, inameta. Nikanyoosha mkono. Akaupiga kofi. Akasema hicho ni chake, ni chozi la mtani, akakichomeka kwenye kilemba chake na kuondoka na sinia.

Jumamosi, 11 Septemba

Sijaenda kwenye chumvi. Nimelala sakafuni, mkeka bado unanuka moshi. Godoro liko kwa Klementi, redio iko kwa Klementi. Mtu mwema, ila ana mizigo yangu mingi.

Saa tatu Kidawa kaingia bila hodi, anacheka mpaka anakohoa. Kanihadithia yote.

Brighton jana alipokea kazi, na kadi yangu ya mfano, kwa mbwembwe. Akaweka waridi la kwanza, mashine yake ndefu ikaganda. Ile inayosimama! Ikakesha imeganda. Asubuhi Bi Biasha kafika, kakuta kadi hakuna, kamwambia Brighton maneno ya watu wa mjini ambayo Kidawa hakutaka kuyarudia mbele ya mfiwa. Klementi akaitwa. Akaifungua, akasema njaa ileile, inataka memori, na memori ya aina ile hapa Masoko iko moja tu. Iko kwenye kilemba cha Kidawa.

Brighton akaenda kibandani kwa Kidawa. Kidawa akasema kitu cha msiba hakiuzwi. Kwanza aje msibani.

Ndiyo maana nyuma ya Kidawa mlangoni alikuwa amesimama Brighton, shati limetoka nje.

Kidawa akatandika mkeka. Akaileta kompyuta yangu na shuka lake. Akamwamuru Brighton avue viatu, akae chini, ampe pole mfiwa, aseme jambo moja jema la marehemu. Brighton akasema pole kwa sauti ya panya. Kidawa akasema hajasikia. Akarudia. Jambo jema? Akafikiri sana, jasho linamtoka. Akasema marehemu alikuwa na waridi nzuri. Kidawa akamwambia alie. Akajaribu. Alilia vibaya, kama mlango, lakini Kidawa akapokea, akatoa memori kilembani.

Nilimtazama Brighton usoni muda wote. Sijawahi kuona asubuhi tamu kama hii.

Kufika adhuhuri kadi zote zimetoka. Waridi zangu, kwa memori yangu, kwenye mashine ya kusimama. Nikavaa shati safi, nikaenda kwa Bi Biasha kudai kiti. Nikamweleza kwamba kadi ni zangu, Brighton alikuwa dobi tu wa kupiga pasi.

Akanisikiliza. Akasema kompyuta yangu ilikuwa na kazi moja na nimeikata kwa msumeno. Hilo hawezi kulisifia. Lakini ghalani huja wanunuzi wa kutoka bara, wanatukana, wanazomea, na mtu wa mwisho aliyekaa pale aligombana nao kila wiki mpaka akawakimbiza. Jana kaniona naombolezewa mbele ya mtaa mzima, kasikia hata nilipopekuliwa sikufungua mdomo. Mtu wa namna hiyo anamfaa.

Nianze Jumatatu. Akasisitiza mara mbili: nikae, nisiguse.

Nilijua uvumilivu wangu utalipa. Yale ya kutaka kumsukuma Kidawa sikumwambia.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimekaa!

Kiti kina mto. Kivuli cha bati, upepo unaingia mlangoni. Wenzangu wanapita na reki, nawapungia mkono polepole kama diwani. Hakuna mnunuzi mpaka sasa. Lori la kwanza linatoka Kipatimu, litafika saa nane, magunia yamepangwa tayari.

Nimekaa asubuhi nzima na mizani. Ya zamani, ya chuma, sahani pana chini, uso wa saa juu. Nimeitazama sana. Ukiweka gunia, mshale unakwenda kwa uchovu, unatetemeka, halafu ndiyo unasimama. Mashine nzuri, njaa tu.

Shida ni springi. Springi ya mizani hii ni nyembamba mno kwa kazi ya ghala kubwa. Nje, nyuma ya choo, pana springi ya Landrova iliyotupwa, nene kama mkono wangu. Bi Biasha kaenda kwenye mambo ya harusi. Na mizani yenyewe imefungwa kwa skrubu nne tu. Tatu zimeshatoka.

Ya nne imeshika kutu kidogo. Lakini inalegea.