Ujumbe Wote Upite Kwangu

Jumanne, 3 Juni
Mambo yameiva! Simu za kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka sasa zinapashana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, bila bando, kila simu ikirushia ya jirani. Mpwa wangu Charlène ndiye aliyezipanga, lakini akili ni yangu. Nilikuwepo. Hata Lilongwe tunafika: jirani yetu Espérance anauza vitenge huko, soko la Old Town, ujumbe wa wakwe walioko mjini unapanda gari ndani ya simu yake, akishuka hapa jioni unarukia simu zetu. Mtu aliyetengeneza redio ya jenerali kule Fizi, Kongo, kwa kijiko hashangai.

Jumatano, 4 Juni
Kasoro nimeiona. Ujumbe unapita njia yoyote unayotaka, kama mbuzi! Na Jumamosi saa nane wakwe wanaleta mahari ya Charlène. Mjomba anayesema kwa ajili ya familia ndiye anavishwa koti na wakwe. Mjomba ni mi. Binamu yangu Norbert naye ni mjomba, na koti hilo amelikodolea macho tangu Pasaka. Nikaamuru: kila ujumbe ungoje ruhusa ya simu yangu. Charlène akasema uzuri wa mtandao huu njo kukosa mkubwa. Nikamjibu kisicho na mkubwa ni fujo. Akabonyeza.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeruhusu jumbe kumi na moja. Nimekataa tatu, zote za Norbert. Moja ilikuwa ya kuombea mgonjwa, lakini iliandikwa kwa kiburi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekuja mji wa Mponela, kutafuta viatu vya kulingana na koti. Vimepatikana! Vyeusi, vinang'aa, vinabana kidogo. Gari za kurudi zimekwisha, nalala kwa rafiki yangu Ezechiel. Simu kimya kutwa. Kimya cha heshima.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefika saa sita. Uani sufuria tupu, kuku mifupa, Norbert ndani ya koti! La kijivu. Linamkaa vizuri, Mungu anisamehe.
Kumbe jana wakwe walituma kwamba watakuja leo saa tatu asubuhi, si saa nane tena. Ujumbe ukabaki kwenye simu ya Espérance, unangoja simu yangu, nayo iko Mponela. Espérance kuona hivyo akaambia bamama wawili kwenye bomba la maji. Kila mmoja akaambia wawili. Ndoo haijajaa, kambi nzima inajua.
Nikauliza kwa nini hakuna aliyenipigia. Charlène akasema kila mtu alijua mujomba ameshajua, si yote inapita kwake?
Norbert akasifu viatu vyangu.

Jumapili, 8 Juni
Nimefikiri sana, kosa nimelipata. Ni bomba. Bomba halina mkubwa!
Nimepeleka kiti changu pale. Mama mwenye habari anieleze kwanza, nikikubali ndipo aseme. Nimekaa tangu alfajiri, na viatu vyangu vipya. Bamama wote wamehamia bomba la kule chini.
Hapa hakuna fujo hata kidogo. Mpango unafanya kazi.