Uzinduzi wa Taa za Pikapu ya Zahanati

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mwanga, mwenyekiti wa kamati ndogo ya viti na turubai, mama mkunga wetu mpendwa, dereva, mke wangu kipenzi uliyekaa kivulini, na ninyi wananchi mliochomwa na jua kwa hiari yenu hapa uwanjani pa zahanati: naomba itifaki ijizingatie yenyewe. (Makofi ya waliokaa mbele.)

Ndugu zangu, kwa muda mrefu pikapu hii, ambayo ndiyo ambulansi yetu, imekuwa ikiwapeleka kina mama wajawazito hospitali kuu kwa taa mbili zinazomulika kama mtu anayesinzia. Dereva akalalamika kwamba usiku haoni makorongo. Mama mkunga naye amekuja ofisini kwangu mpaka katibu muhtasi wangu sasa anamwita shangazi. Mimi ni kiongozi msikivu. Nikaunda kamati.

Kamati hiyo, baada ya warsha, semina elekezi na ziara ya mafunzo katika mji wenye taa nyingi, ilikuja na mkakati jumuishi wa mwangaza shirikishi, wenye viashiria, mailstoni na stekiholda wake, na ndiyo maana leo mnaziona juu ya kabini taa nne za LED, za kisasa, zimefungwa kwa nati zinazong'aa, zenye uwezo wa kummulika mbuzi akiwa bado kwao. (Kicheko.) Utafiti wetu unaonyesha giza litapungua kwa asilimia themanini na saba, na kuridhika kwenu kumeshapanda kwa asilimia mia moja na kumi, kabla hata hamjaulizwa.

(Sauti ya mkunga: "Ziwashe basi, tuone.")

Mama yangu, kwa jua hili la saa sita utaona nini? (Minong'ono.) Najua pia kuna fundi umeme anapitapita akisema ati taa hazina waya. Watu wana haraka. Mradi wa kitaalamu huenda kwa awamu. Awamu ya kwanza ni taa, kwa sababu ndizo zinazotokea kwenye picha. Awamu ya pili ni swichi, nyekundu, tayari imegandishwa kwenye dashibodi, nami nimeibonyeza kwa kidole changu hiki na ikalia vizuri sana. Waya, fyuzi, rilei na kule kuunganisha kwenye betri ni mambo ya chini ya boneti, hayana utepe wa kukata, kwa hiyo ni awamu ya tatu. (Dereva anacheka peke yake.)

Sasa mama mkunga amenifuata hapa jukwaani. Ananinong'oneza kwamba mle ndani kuna mama ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, gari tumelizuia tangu asubuhi kwa ajili ya hafla, na wakizidi kuchelewa giza litawakuta njiani. Mama, hapo ndipo penye uzuri wa mradi huu! Giza likiwakuta, si mna taa? (Mkunga anamtazama, kisha anashuka na kuelekea zahanati.)

Ameridhika. Taa yetu! (Wachache: "Ing'ae!") Giza! ("Zii!") Kamati! (Watu wanatazama mlango wa zahanati, mkunga na muuguzi wanamtoa mgonjwa taratibu, wanampandisha kwenye kabini.)

Kwa kumalizia, shukrani za dhati kwa mwenye duka la vipuri, mzalendo wa kweli, ambaye alikubali kutu... (Mlio wa injini.) Dereva, sijamaliza. Dereva, utepe haujakatwa! (Utepe unakatwa na bampa. Wananchi wote wanasimama na kupiga makofi, ya kwanza ya kweli tangu asubuhi.) Asanteni, asanteni, kaeni. Jamani, kaeni. Mzuieni huyo! Taa zile ni za kuazima, mwenyewe anazitaka leo kabla hajafunga duka!