Mapichi Yanayoharibika

Jumatatu, tarehe 3
Jana watoto wa jirani yangu kinyozi walikuja wote kumtembelea. Tena! Alicheka karibu na ukuta wangu kwa sauti kubwa, makusudi, namjua. Binti yangu yeye kazi zimembana. Amesema Jumapili ijayo huenda akaja. Hilo "huenda" limenikaa kichwani mchana kutwa, hadi nikashona mfuko wa suruali ya mteja ukazibika kabisa. Ndipo nikapata wazo. Marehemu mama wa binti yangu alikuwa akioka mapichi kila msimu wa joto. Nimempigia simu binti nikamwambia nina mapichi mengi mno, yanaharibika, aje tuyaoke. Akasema atakuja Jumapili. Sina hata pichi moja.

Jumanne, tarehe 4
Sokoni. Mapichi yote magumu. Nikabonyeza moja baada ya jingine, mpaka muuza matunda akaniambia, "Mzee, hilo ukilibonyeza tena itabidi ulioe." Watu wakacheka. Nimenunua kikapu kizima kwa hasira. Nimeyafukia kwenye pipa la mchele yaive, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Au yalikuwa maparachichi?

Jumatano, tarehe 5
Oveni! Tangu mama watoto aondoke imekuwa kabati langu la vitambaa. Nimevitoa vyote. Inawaka upande mmoja tu. Kinyozi ana oveni mpya. Nimekwenda kwake nikijifanya nataka kumshonea mapazia ya jikoni. Nikapima dirisha, nikapima na oveni. Akasema hajawahi kusikia oveni ikivalishwa pazia, kisha akanitaka nipeleke hayo mapichi, atanichomea yeye. Thubutu! Ili mtaa mzima uambiwe binti yangu analishwa kwake?

Jumamosi, tarehe 8
Jaribio. Nimepasua machache, nikatoa kokwa, nikatia siagi na sukari. Upande mmoja wa trei mkaa mtupu, upande wa pili mabichi. Kinyozi akatokea na kijiko chake mkononi, eti harufu imemwita. Akala yaliyoungua bila aibu, akasema marehemu alikuwa akigeuza trei katikati ya kuoka. Nikamuuliza amejuaje. Kumbe kila msimu alikuwa akimpelekea sahani! Wivu ulinipanda hadi masikioni. Nikanuna. Kisha nikamsogezea kiti, nikamuuliza marehemu alikuwa akiweka nini kingine. Ganda la limau, akasema, kidogo tu. Tulikaa tukimzungumzia hadi chai ikapoa. Nimemkumbuka mwanamke yule, jamani.

Jumapili, tarehe 9
Amekuja! Trei nimegeuza, ganda la limau nimetia. Mapichi yakalainika yakatoa maji mazito, nikamwandalia na mtindi baridi. Akaonja, akafumba macho.
"Ni ya Mama haya," akasema.
Nikasingizia moshi wa oveni umeniingia machoni. Kisha akauliza yako wapi yale mengi yanayoharibika. Nimepatikana! Nikakimbilia pipa la mchele, nikachimba, nikaibuka na moja lililosahaulika, limeota ukungu kama ndevu. Nikamwonyesha kwa ushindi. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akanishika mkono.
"Baba, ukinikumbuka sema tu njoo. Nitakuja hata kama kuna chai kavu tu."
Nikaahidi. Alipoondoka nilisimama getini muda mrefu, mpaka kinyozi akauliza kama nimedondosha kitu.

Jumatatu, tarehe 10
Nyumba kimya. Sahani yake sijaiosha. Amesahau koti lake kwenye kiti, nami nimekaa nalo mapajani asubuhi yote. Nikashika simu nimwambie nimemkumbuka. Neno likagoma kutoka. Nikachukua wembe, nikafumua mkono mmoja wa koti, ndipo nikapiga. Nikamwambia mshono umeachia, lazima aje Jumapili nimpime. Akaniuliza, taratibu, kama nimemkumbuka. Nikasema hapana, ni habari ya mkono tu. Atakuja. Nimefumua na mkono wa pili, isije kazi ikaisha mapema.